Jeti ya rimoti iliyounganishwa kiwandani nayo hujengwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeuliza katika safu hii kama anunue jeti ya rimoti, yaani ndege ya mfano yenye turbini (injini ndogo ya jeti), iliyokwisha kuunganishwa kiwandani au aijenge mwenyewe. Niwajibu pia wawili waliomtangulia kumshauri, mmoja akisema kununua ni mambo ya wavivu wenye pesa, mwingine akisema siku hizi kujenga ni kupoteza muda. Wote wawili wamezungumza kana kwamba ndege hiyo ni kitu kimoja. Jeti ya rimoti ni vitu vitatu: injini, bodi, na mifumo ya mafuta, umeme na sevo (vijimota vinavyosogeza visehemu vya bawa na mkia) inayoviunganisha. Kila kimoja kina jibu lake. Injini anunue. Bodi inategemea mfuko, nafasi na uwanja alio nao. Mifumo aijenge mwenyewe, hata kama ameuziwa ikiwa imeshafungwa.

Nianze na injini kwa kuwa haina mjadala mrefu. Turbini hizi ndogo zilianzia mikononi mwa watu wa nyumbani. Mwaka 1983 Waingereza walirusha ndege ya rimoti kwa turbini iliyochoma gesi ya propeni. Mjerumani Kurt Schreckling akaja na turbini ambayo gurudumu lake la kukandamiza hewa lilichongwa kwa plaiwudi na kuzungushiwa nyuzi za kaboni. Thomas Kamps, Mjerumani mwenzake, akaachana na mbao na kutumia gurudumu la tabo ya gari, na katika kazi hiyo ikatoka KJ66, mchoro uliojengwa na watu wa nchi nyingi kwa mashine za kukerezea walizokuwa nazo gereji. Enzi hiyo kujenga kulikuwa na maana kwa sababu dukani hapakuwa na kitu. Leo JetCat ya Ujerumani, KingTech ya Taiwan, Xicoy ya Hispania na wengine wanauza injini ya nyutoni 100, yaani msukumo wa kilo 10 hivi, yenye uzito wa kilo moja na kidogo, kwa takriban dola 2,000 hadi 3,000 pamoja na pampu na kompyuta yake.

Sasa tazama anachojitwika anayetaka kuijenga. Gurudumu la milimita 66 kama la KJ66, likizunguka mara 115,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu mita 400 kwa sekunde, kasi inayoipita sauti. Gurudumu la nyuma, lile linalopigwa na gesi ya moto, huzunguka kwa kasi hiyohiyo likiwa jekundu kwa joto, na nafasi kati ya ncha za mapanga yake na ukuta ni sehemu ndogo ya milimita. Uzito ukipotoka upande mmoja kwa sehemu ndogo sana ya gramu, beringi haidumu. Kusawazisha gurudumu kunataka kifaa chenye kuhisi mtetemo, na gurudumu lenyewe ni la aloi ya nikeli ambayo karakana zetu haziwezi kuimimina. Anayetaka kujifunza turbini ajenge moja, aifunge kwenye meza nzito nyuma ya bati nene, na aiwashe akiwa amesimama mbele kwa pembeni. Asisimame ubavuni kwenye mstari wa magurudumu, maana yakipasuka vipande hutokea huko. Injini hiyo ibaki mezani. Haifai kufungwa ndani ya kitu kitakachopita juu ya vichwa vya watu.

Bodi ndiyo yenye maneno. Huuzwa kwa namna tatu. Kuna seti ya mbao: vipande vya mbao nyepesi ya balsa na plaiwudi vilivyokatwa kwa leza, michoro, na kazi yote ni yako. Kuna bodi ya faibaglasi na kaboni iliyotoka kwenye moldi (kalibu), imepakwa rangi, mabawa yamekamilika, lakini fremu za ndani, sevo, matangi na miguu unafunga mwenyewe. Na kuna iliyofungwa kila kitu kiwandani isipokuwa injini, betri na risiva, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti. Kwa jeti ya mazoezi ya mita 2 hivi, seti ya mbao itakula saa 200 na zaidi za mtu makini. Bodi ya moldi hula saa 60 hadi 100. Ile iliyofungwa tayari, muuzaji atakwambia wikiendi moja. Mimi nasema saa 30, na nitaeleza zinakwenda wapi.

Kabla ya hapo kuna hesabu ambayo waliomshauri msomaji hawakuigusa, nayo kwetu ina uzito kuliko hoja nyingine zote. Kampuni za vifurushi vya ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi, si kwa mizani peke yake. Wengi huchukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, hugawa kwa 5,000, na jibu ndilo kilo utakazolipia. Jeti iliyounganishwa husafiri katika boksi la sentimita 210 kwa 50 kwa 50 hivi. Hiyo ni kilo 105 za kulipia, wakati ndege yenyewe haifiki kilo 12. Seti ya mbao katika boksi la sentimita 130 kwa 35 kwa 20 inalipiwa kilo 18. Aliyeko Muscat au Dubai anaweza asilione jambo hili kwa kuwa mizigo ya China humfikia kwa bei nafuu na wauzaji wapo jirani. Aliyeko Tanga au Mwanza ataliona kwenye ankara. Meli hupunguza gharama, lakini boksi likikaa wiki kadhaa ndani ya kontena lenye joto, gundi na rangi vina lao la kusema. Nitalirudia suala la joto.

Faida ya ndege ya kiwandani ni ya kweli na haifai kubezwa. Moldi hutoa bawa lililonyooka kuliko mkono wa fundi wa kawaida. Bawa la kushoto na la kulia hufanana, pembe za mkia ni sahihi, na ukiangusha moja unaagiza bawa la pili nalo litaingia kwenye matundu yaleyale. Mjenzi wa mbao akipinda bawa digrii mbili, atalijua siku ya kwanza hewani, ndege ikilalia upande kila anapopunguza mwendo kutua. Kwa hiyo kama hoja ni umbo, kiwanda kinashinda.

Kiwanda kinashindwa pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki, na la kwanza ni gundi. Fremu za plaiwudi zinazoshika miguu, injini na mrija wa bawa hubandikwa ndani ya ganda la faibaglasi. Fundi wa kiwandani mwenye haraka huchanganya epoksi (gundi ya sehemu mbili) na unga mwepesi wa kujazia, ule unaotengenezwa kwa vijipuvu vya kioo. Ni rahisi kuulainisha kwa msasa na ni mwepesi, lakini hauna nguvu ya kushika. Ukiangalia utaona ukingo wa gundi mnene na mzuri kama wa kazi ya ustadi. Ndege itatua mara kumi vizuri, ya kumi na moja itagusa ardhi kwa nguvu kidogo, na bamba la mguu litang'oka zima likiwa na gundi yake yote, ukuta ukibaki laini kama sahani. Ulaini huo ndio chanzo: ganda halikukwaruzwa kabla ya kubandikwa.

Namna ya kukagua: washa tochi ndani, gonga kila fremu kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Penye gundi nzima sauti ni kavu na fupi, palipoachia husikika mtetemo. Kisha shika mguu ukiwa umeshuka na uusukume mbele na nyuma kwa nguvu ya mkono, huku mwenzako akitazama maungio kwa ndani. Penye mashaka usimimine gundi juu ya gundi ya zamani. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe, futa kwa asetoni, kisha paka epoksi ya polepole inayokauka kwa saa 24. Loctite EA 9462, ambayo wengi bado huiita Hysol, ndiyo iliyozoeleka kwa kazi hii. Kama unatumia epoksi ya kawaida, ikoleze kwa nyuzi fupi za pamba au za kioo, si kwa ule unga mwepesi. Bamba la miguu lifungiwe pia ukanda wa kitambaa cha kaboni wa sentimita 3 upande wa mbele na wa nyuma. Uzito unaoongeza haufiki gramu 60 kwa ndege nzima.

Na epoksi za dakika tano zisitumike popote kwenye jeti. Epoksi nyingi zinazokauka bila kuokwa huanza kulainika zikifika nyuzi joto 50 au 60, na hizo za haraka hutangulia. Ndege ya rangi nyeusi ikianikwa saa saba mchana pale Mombasa, au ikiachwa ndani ya gari lililofungwa madirisha, inafika huko bila shida. Watu wa Ghuba hufunika jeti zao kwa shuka jeupe kati ya safari moja na nyingine, na wala si kwa kuogopa vumbi tu.

Mfumo wa mafuta ndio unaotaka subira kuliko yote. Turbini haina kabureta wala ukumbi wa kungojea: mafuta yakikatika kwa povu moja la hewa, moto unazimika, na kompyuta haiwezi kukurudishia ndege iliyo mita 50 juu, pua ikiwa chini. Sasa matangi ya kiwandani. Mengi ni ya faibaglasi au Kevlar, na yakikatwa tundu la kifuniko, unga wa kukatia hubaki ndani. Muuzaji ameshayafunga ndani ya bodi, mipira imeunganishwa, na kila kitu kinapendeza. Yatoe. Mimina nusu lita ya mafuta ya taa safi, tikisa, mwaga kupitia kitambaa cheupe, na urudie mpaka kitambaa kibaki cheupe. Mara tatu au nne hutosha. Usipofanya hivyo unga huo utakwenda kuziba chujio, au kibaya zaidi utaingia kwenye gia za pampu.

Kisha ziba matundu yote ila moja, puliza kwa mdomo, na utumbukize tangi kwenye beseni la maji. Usitumie kompresa ya kujazia matairi, utalipasua. Lipindue juu chini ili uone kama kile kizito kinachovuta mafuta ndani kinafuata chini bila kukwama, na kama kimebakiwa na nafasi ya milimita 5 hadi 10 kabla ya kugusa ukuta wa nyuma. Kikigusa ukuta huweza kujibana na kunyonya utupu. Mpira unaokishika hukakamaa ukikaa kwenye mafuta ya taa, hivyo hubadilishwa kila mwaka, uwe umetumika au haujatumika.

Jambo linalowapotosha wengi ni hili: upande wa kunyonya, kati ya tangi na pampu, mpira ukilegea haudondoshi mafuta. Unavuta hewa. Kwa hiyo unaweza kukagua ndege nzima, usione hata tone, na bado ikazimika hewani. Upande wa baada ya pampu ndio unaovuja kwa kuonekana. Njia ya kujua ni kuchomoa mpira kwenye injini, kuuelekeza kwenye chupa, kuendesha pampu kupitia menyu ya majaribio ya kompyuta ya injini, na kupitisha lita nzima huku ukitazama kipande cha mpira kinachoonyesha ndani. Povu likionekana, anzia tangini na kaza kiungio kimoja kimoja. Kwenye mirija ya shaba, funga mpira kwa waya mwembamba wa chuma. Kwenye viungio vya kusukuma, kata neli kwa wembe mpya, kipande kiwe sawa bila mshazari. Mkasi huibana na kuifanya yai. Isukume mpaka ipite ugumu wa kwanza na ifike mwisho, kisha ivute kuhakikisha imeshika. Mipira ya milimita 4 ya nje inatosha kwa injini ya nyutoni 100. Kiwanda kikikufungia myembamba zaidi upande wa kunyonya, pampu italazimika kuvuta kwa nguvu na mafuta yenyewe yatatoa mapovu.

Kati ya tangi kubwa na pampu pawe na tangi dogo la kukamata hewa, lenye mfuko au kichujio kinachobaki kimelowa. Hilo halina mjadala. Tundu la hewa la tangi kubwa nalo likaguliwe; wapo waliokuta limezibwa na rangi au na kizibo cha kujazia kilichosahauliwa. Injini itanyonya, tangi litabonyea, na msukumo utakufa ndege ikiwa katikati ya mzunguko. Na usijaze mipira kwa pampu injini ikiwa imeunganishwa. Mafuta hujikusanya chini ya chumba cha moto, na ukiwasha, moto hutoka nyuma urefu wa mita huku joto likipanda kupita kiwango ambacho gurudumu la nyuma linahimili.

Mafuta yenyewe ni mafuta ya taa au Jet A-1, pamoja na oili ya turbini kwa asilimia ambayo kitabu cha injini kimeandika. Kwa injini nyingi ni 5: mililita 250 kwa lita 5. Oili hiyo ndiyo inayolainisha beringi, hivyo atakayeisahau hatafika safari ya pili. Ina kemikali za sumu, vaa glavu. Mafuta ya taa ya kituoni yapitishwe kwenye chujio laini mara mbili, yakae usiku kucha, na ya chini kabisa ya dumu yasitumike kwa kuwa maji hukaa huko.

Sasa sevo. Ndege iliyofungwa kiwandani ina faida kwamba sevo zipo, na hasara kwamba hujui skrubu gani imewekewa gundi na ipi haikuwekewa. Toa kila moja. Skrubu ya katikati inayoshika mkono wa sevo, na boliti zote za chuma zinazoingia kwenye chuma, zipate tone la gundi ya buluu ya kufungia skrubu, namba 243. Nyekundu usiiguse, hutaifungua tena. Kwenye plastiki usiweke kabisa, huipasua. Mkono wa sevo uwe wa chuma, ukae wima kabisa rimoti ikiwa katikati, na kama hauko wima uhamishe jino moja badala ya kurekebisha kwa rimoti pekee. Eleveta, yaani kibamba cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, kwa jeti ya kilo 12 haistahili sevo ya chini ya kilo 20 kwa sentimita.

Pleyi, yaani kuchezacheza kwa viungio, ndiyo adui. Shika ukingo wa nyuma wa eleveta kwa vidole viwili, sevo ikiwa na umeme, utikise. Ukisogea zaidi ya milimita moja, tafuta panapocheza: tundu la mkono, kiungio cha mpira, gia za sevo, au bamba la sevo lenyewe lililobandikwa kwa ile gundi yetu. Katika kasi ya kilomita 250 kwa saa pleyi hiyo hugeuka kupapatika. Eleveta hutikisika mara kadhaa kwa sekunde, husikika kama mvumo, na kabla hujapunguza nguvu ya injini mkia umeshaondoka. Chama cha Marekani cha warusha ndege za rimoti, AMA, kimeweka ukomo wa maili 200 kwa saa kwa jeti za turbini, takriban kilomita 322, na kwa bodi nyingi za bei nafuu hata hiyo ni nyingi mno. Inafaa kutaja kwamba AMA hutoa kibali cha turbini kwa rubani, baada ya wenye uzoefu kumwona akirusha. Hakimpi kwa kuwa amejenga, wala hakimnyimi kwa kuwa amenunua.

Nyaya sitazikalia. Betri mbili zenye njia mbili mpaka kwenye risiva, na viungio vya nyaya za kurefushia vifungwe kwa klipu ili visichomoke kwa mtetemo. Waya mrefu wa mkiani uwe mnene kuliko ule mwembamba wa kawaida, maana sevo mbili za eleveta zikivuta kwa pamoja, umeme hushuka njiani.

Bomba la nyuma lipimwe. Kati ya mdomo wa injini na mwanzo wa bomba huachwa milimita 20 hadi 30 kwa injini za ukubwa huu, na kitabu cha injini ndicho kinachosema kamili. Katikati ya mdomo ilingane na katikati ya bomba. Bamba la injini la kiwandani likiwa limekaa mshazari kidogo, moto hulamba upande mmoja na utaona rangi imevimba juu ya mkia baada ya safari ya kwanza. Kitovu cha uzito pia: kiwanda huandika kipimo kimoja, lakini injini na betri zako si lazima ziwe zile alizotumia mwandishi wa kitabu. Pima tangi kubwa likiwa tupu, tangi dogo limejaa, miguu imeshuka, na kwa safari ya kwanza weka milimita 5 hadi 10 mbele ya kilichoandikwa.

Sasa uwanja. Jeti nyingi za kiwandani zimechorwa kwa mtu mwenye lami ya mita 150 iliyo karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu. Hewa huko ni pungufu kwa asilimia 15 kuliko ya pwani, na msukumo wa turbini hupungua karibu kiasi hicho. Injini ya nyutoni 100 itatoa 85, na siku ya joto chini ya hapo. Wakati huohuo bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi kunyanyua uzito uleule. Kwa hiyo anayenunua kifurushi ambacho muuzaji amependekeza nyutoni 80 kwa ndege ya kilo 11, akakirushia Nairobi au Arusha, atamaliza uwanja magurudumu yakiwa bado chini. Achukue injini ya daraja moja juu.

Tena viwanja vyetu vingi ni vya nyasi au murami. Kigurudumu cha milimita 60 kinachong'aa kwenye picha ya duka kitazama. Tafuta ndege yenye miguu ya kubonyea na magurudumu ya milimita 85 au zaidi, na mdomo wa hewa uwe juu au ubavuni. Ile F-16, mfano wa ndege ya vita unaotamaniwa na kila mtu, mdomo wake uko tumboni, karibu na ardhi, nao hunyonya kwa urahisi kokoto zilizo chini yake. Kokoto la ukubwa wa punje ya mtama likigusa mapanga ya mbele, injini hurudi kiwandani. Wavu wa chuma mbele ya injini husaidia, nao hufungwa hata kama kitabu hakikuutaja. Hapa ndipo mjenzi wa mbao anamzidi mnunuzi: anaweza kusogeza bamba la miguu, kuongeza ubao, kupanua nafasi ya gurudumu, na kuziba alipokosea kwa kipande cha balsa cha shilingi chache. Anayekata ganda la faibaglasi lililokwisha kupakwa rangi hukata kwa hofu.

Kwa wale wa mashindano, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, lilikwisha kuliamua jambo hili kwa kulitenga. Daraja la F4C, la ndege za rimoti zinazoiga ndege halisi, linamtaka rubani awe ndiye mjenzi wa ndege, na daraja la F4H likafunguliwa kwa wenye ndege wasizojenga. Hakuna aliyefukuzwa.

Basi msomaji wetu afanyeje? Kama hajarusha ndege kubwa ya rimoti yenye miguu ya kukunja na flapi, turbini isubiri. Ajenge kwanza moja ya mbao ya injini ya umeme, kwa kuwa humo atajifunza fremu, gundi, bawaba na kitovu cha uzito kwa gharama ndogo. Kisha anunue jeti ya mazoezi, ya mbao au ya moldi, iliyokwisha kufungwa akitaka, na aifungue yote kabla ya kuijaza mafuta. Asianze na mfano wa ndege ya vita. Awe na kizimamoto cha gesi ya kaboni dayoksaidi na mtu wa kukishika kila anapowasha. Cha unga huzima moto na kuua injini pamoja. Aweke saa ya rimoti dakika 6 kwa safari za mwanzo, maana tangi la lita 3 kwa injini hiyo haliruhusu mzaha: ikiendeshwa kwa nguvu zote inakunywa mililita 300 hadi 400 kwa dakika. Injini nyingi hutakiwa kurudi kwa mtengenezaji kila saa 25 kwa beringi mpya. Kwa safari za dakika 7 hizo ni safari zaidi ya 200, ila nauli ya kwenda Ujerumani au Taiwan na kurudi aitenge mapema.

Kibali akitafute kabla ya kulipa. Tanzania ina kanuni za vyombo visivyo na rubani za 2018, Kenya za 2020, na mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo, TCAA au KCAA, ndio wa kuuliza, si muuzaji wa ng'ambo ambaye kwake boksi likishatoka ghalani kazi imekwisha. Na katika oda hiyohiyo aongeze mita 5 za neli ya milimita 4, viungio sita, machujio mawili, mpira wa ndani ya tangi, mikono miwili ya sevo na gurudumu moja la pua. Vyote havifiki kilo moja, na kimojawapo kikikosekana Jumamosi asubuhi, duka la karibu huenda likawa Dubai.

Mrusha jeti za rimoti,
Mombasa